Kupika Shira ya Miwa Nyumbani
Lita 5 za maji ya miwa hutoa takriban lita 1 tu ya shira, kwa hiyo tumia sufuria pana ili maji yapungue upesi. Yapikwe siku ileile yalipokamuliwa, kwani huchacha haraka. Ukinunua kwa muuzaji wa mtaani, mwombe asitie tangawizi wala barafu.

Yachuje kwa kitambaa safi, kisha uyachemshe kwa moto wa wastani huku ukiengua povu la kijani linalopanda juu, kazi inayotaka subira, kwa sababu uchafu ukiachwa humo shira huwa nyeusi na yenye uchungu kidogo. Kijiko kidogo cha maji ya ndimu, kikitiwa katikati ya upishi, huzuia shira isigande chembechembe za sukari. Mapovu yakiwa makubwa, mazito na ya rangi ya dhahabu, punguza moto na usibanduke jikoni, maana hapo ndipo inapoungua. Tone likiwekwa kwenye kisahani baridi lisitiririke ovyo, epua. Kipimajoto, kama unacho, kitaonyesha takriban nyuzi 108 za Selsiasi.

Imimine ingali moto katika chupa ya kioo iliyochemshwa. Wengi huila kwa chapati; mimi naona haina mwenzake kama mihogo ya kuchemsha.