Maji Yamepungua Nguvu Ghafla? Tafuta Yanapokwama Kabla Hujanunua Pampu

Presha inayofifia taratibu kwa miaka ni kutu kwenye mabomba ya chuma. Iliyopotea kati ya jana na leo ina sababu nyingine: kitu kimeziba, koki imefungwa, bomba linavuja au hewa imenasa. Yote manne unaweza kuyatafuta mwenyewe. Hapa tunazungumzia nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam: maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanapita kwenye mita, yanapanda hadi tenki la mnarani, kisha yanashuka ndani.

Andaa ndoo ya lita 20, spana malaya, plaizi, mswaki wa zamani, siki, thredi tepu na mpira wa maji wenye klipu mbili.

Hatua ya 1: Pima

Weka ndoo chini ya bomba la jikoni, fungua mpaka mwisho, tazama saa. Ikijaa kwa dakika 2, unapata lita 10 kwa dakika. Huna la kulalamika. Ikichukua dakika 5, ni lita 4 tu. Rudia bafuni, kisha kwenye bomba la nje linalotoka mita moja kwa moja bila kupitia tenki. Andika namba, usikadirie kwa macho.

Bomba moja tu likiwa dhaifu, nenda hatua ya 2. Ya ndani yote yakiwa dhaifu na la nje liko sawa, hatua ya 3 na ya 4. La nje nalo likichuruzika, ruka hadi ya 5. Yakiwa ni maji ya moto peke yake, zima umeme wa hita kwenye swichi kuu, funga maji, kisha safisha kichujio cha maji yanayoingia.

Hatua ya 2: Bomba moja

Mgao ukikatika na kurudi, maji ya kwanza huja na mchanga na tope, na vyote hukwama kwenye kichujio kidogo cha mdomo wa bomba. Kifungue kwa plaizi, ila zungushia kitambaa kwanza, la sivyo meno yatachubua nikeli. Kiloweke kwenye siki kwa saa 1, usugue kwa mswaki. Kabla hujakirudisha, fungua maji bila kichujio. Yakiruka kwa nguvu, umemaliza. Yakiwa bado hafifu, angalia koki ndogo iliyo chini ya sinki. Mara nyingi kuna mtu aliifunga nusu akasahau. Kichwa cha bomba la mvua husafishwa vivyo hivyo.

Hatua ya 3: Tenki na koki zake

Panda uangalie kina cha maji. Kila mita 10 za kimo huleta bar 1 (bar ni kipimo cha presha), kwa hiyo mnara wa mita 3 hauna presha ya kuchezea. Maji yakiwa na kina cha mita 1 tenkini, na bomba la mvua liko mita 2 kutoka ardhini, tofauti ni mita 2: bar 0.2 basi. Tenki likikaribia kuisha inabaki bar 0.1, na hita ya papo kwa papo inaweza kugoma kuwaka hata kama ni nzima. Kama tenki halijai, bonyeza chini kwa mkono boya, kile kielea kinachofunga maji tenki likijaa. Maji yakiingia, boya lilikwama juu. Yasipoingia, tatizo liko kwenye maji yanayopanda.

Sasa koki ya kutokea tenkini. Nyumba nyingi zimefungwa geti valvu, na hii ndiyo inayowadanganya watu zaidi. Ndani yake kuna ulimi wa shaba unaopandishwa na shina. Ulimi ukiachana na shina, unabaki chini umeziba njia huku wewe unazungusha mshikio na kuamini umefungua. Dalili yake ni mshikio unaozunguka tu bila kukaza upande wowote. Usihangaike kuigonga, ibadilishe kwa bol valvu, koki yenye tufe lililotobolewa ndani. Bomba la PPR (plastiki ya kuunganishwa kwa moto) la milimita 32 linataka ya inchi 1. Dukani, chungulia ndani yake: za bei ya chini huwa na tundu dogo kuliko bomba lenyewe, na kwa bar 0.2 utaliona pengo.

Hatua ya 4: Hewa

Kama tenki lilikauka likajazwa upya, na sasa mabomba yanakohoa na kutema, hewa imenasa pale bomba linapopanda kisha kushuka, kwa mfano juu ya fremu ya mlango. Maji ya mnarani hayana nguvu ya kuisukuma. Fungua mabomba yote ya ndani, ukianza na la chini kabisa, uyaache dakika 10.

Ikishindikana, funga mabomba yote. Unganisha mpira kutoka bomba la nje hadi bomba la ndani linalolishwa na tenki, kaza klipu, fungua la ndani kwanza kisha la nje kwa dakika 1. Maji ya mita yatairudisha hewa tenkini. Ukisikia mabubujiko huko juu, imetoka. Funga la nje, toa mpira mara moja. Mgao ukikatika mpira ukiwa bado umefungwa, maji ya tenki yatarudi kwenye bomba la mtaa.

Hatua ya 5: Mita

Muulize jirani kwanza. Naye akiwa hana nguvu, acha spana, piga simu DAWASA. Akiwa sawa, hakikisha koki ya mita iko wazi, funga mabomba yote na ulifunge boya kwa kamba likiwa juu, kisha soma mita. Soma tena baada ya dakika 30. Namba zikisogea, bomba linavuja kati ya mita na nyumba: tafuta majani mabichi kuliko mengine au udongo unaobonyea. Zisiposogea, huenda kichujio cha mita kimeziba. Usikate lakiri, waite wenyewe.

Ukiamua pampu baada ya haya yote, inyonye kutoka tenkini. Ikiunganishwa kwenye bomba la mtaa, huvuta maji machafu kupitia kila ufa ulioko njiani.