Kumwachia Mungu: anza na mfuko, si na uhai

Wengi wetu huambiwa "mwachie Mungu" tukiwa msibani au nje ya chumba cha upasuaji. Hapo ni mahali pagumu mno pa kuanzia. Mtu ambaye hajawahi kumwachia mwenzake hata funguo za nyumba, atawezaje kuachia uhai wa mtoto wake? Kuachilia ni zoezi, na zoezi huanza na vitu vyepesi, siku ambazo hakuna la hatari.

Mimi ni kifungua mimba. Tangu mama yetu alipoanza kuugua, daftari la familia ninalo mimi: nani anampeleka kliniki, nani analala naye usiku, nani bado hajachanga. Mtu wa namna yangu husifiwa kwamba anajali, na kweli anajali. Lakini ndani ya kujali huko mna hofu kwamba nikilegeza mkono tu, kila kitu kitaanguka. Hofu hiyo ndiyo tunayoishughulikia hapa.

Chagua kazi moja ndogo iliyo mikononi mwako, umkabidhi mtu mwingine pamoja na uamuzi wake. Ukitoa kazi ukabaki na uamuzi, hujakabidhi kitu, umejipatia msaidizi tu. Mimi nilianza na mfuko wa kliniki. Nilikuwa napanga karatasi za vipimo kwa tarehe, kadi juu, shuka chini. Kitindamimba wetu anazitia zote kwenye bahasha moja na kuifunga kwa mpira. Karatasi zinafika, daktari anazisoma.

Zoezi lenyewe linaanza pale mkono unapokwenda kwenye simu ili uulize, "Umekumbuka kadi?" Simamisha mkono hapo hapo. Angalia hofu imekaa wapi mwilini: kwenye taya, mabega, au chini ya kifua. Toa pumzi taratibu, weka viganja wazi mapajani, useme kwa sauti ya chini, "Hili nimekabidhi." Kaa hivyo mpaka msukumo upungue. Utapungua, ingawa mara za kwanza utaona kama hauishi. Ukirudia kwa mambo madogo, mwili unajifunza kwamba dunia haikusimama ulipoacha kuisukuma.

Sasa njoo kwenye sala, maana hapo ndipo wengi wetu tunaposhika usukani kwa nguvu zote bila kujua. Jisikilize leo usiku unapoomba. "Ee Mungu, mpe daktari hekima, majibu yatoke kabla ya Ijumaa, dada yangu aelewe kwamba mama hawezi kusafiri." Hayo ni maagizo. Sisemi usiombe. Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, aliomba kwa wazi kabisa, kisha akaongeza, "walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Mathayo anaeleza kwamba alirudi akaomba mara ya tatu, kwa maneno yale yale. Mimi hunipa nguvu sana jambo hilo: hata kwake, kukabidhi hakukwisha kwa sala moja.

Fanya hivi. Sema haja yako mara moja, kwa sentensi moja, bila kumpangia Mungu njia wala tarehe. Halafu taja jina la unayemwombea, unyamaze. Dakika kumi zinatosha. Maagizo yatarudi, tena yakiwa yamevaa nguo za upendo. Usigombane nayo, rudi kwenye lile jina. Huo ukimya wa baadaye ndio sehemu ngumu, na ndio wenye faida kubwa kuliko yote niliyoyaandika hapa.

Waislamu wana zoezi la aina hii lililopangwa vizuri kwa mtu aliye mbele ya uamuzi: istikhara. Mtu huswali rakaa mbili, kisha husoma dua akimwomba Mwenyezi Mungu amjaalie jambo lile kama lina heri naye katika dini yake, maisha yake na mwisho wake, na kama lina shari, aliepushe naye na yeye aepushwe nalo. Mwishoni anaomba heri popote ilipo, kisha aridhishwe nayo. Jirani yangu aliponieleza hayo, nilikaa muda mrefu na lile ombi la mwisho. Sikuwa nimewahi kuomba kuridhishwa. Siku zote niliomba kushinda.

Lakini kuachilia si kukunja mikono. Kuna hadithi iliyo katika mkusanyo wa Tirmidhi, mwanachuoni wa Kiislamu: mtu alimuuliza Mtume Muhammad kama amfunge ngamia wake na kutawakali, yaani kumtegemea Mungu, au amwache huru na kutawakali. Akajibiwa, mfunge na utawakali. Kwa hiyo kila asubuhi andika sehemu yako ya leo tu: kupiga simu ya miadi, kulipa, kuuliza swali lile kwa daktari. Ifanye. Epiktetus, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa, alifundisha kutenganisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyokuwemo, na utenganisho huo unasaidia sana akili. Ila kwangu mimi hautoshi usiku wa manane. Yasiyo katika uwezo wangu lazima yawe mikononi mwa Mtu, la sivyo yananirudia kitandani.

Jioni funga daftari kwa saa unayoijua, usilifungue tena. Mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani cha kila siku, ikibakizwa mpaka asubuhi iliingia mabuu na kunuka.

Na yapo ambayo hayaachiliwi. Atakayekwambia uache vidonge ili uonyeshe imani anakudhuru, hata kama ameshika kitabu kitakatifu. Anayekupiga haachiwi Mungu ukiwa umebaki chini ya mkono wake: ondoka kwanza, tafuta msaada, uombe ukiwa salama. Na mtu yeyote anayetaka umkabidhi yeye utashi wako kwa jina la Mungu, mkatalie. Machozi nayo yasikutishe. Unaweza kukabidhi huku unalia.

Mwezi wa kwanza baki na jambo lile moja dogo. Likizoeleka, ongeza zito kidogo, hasa linalohusu uamuzi wa mtu mzima mwingine. Mimi sasa niko hapo: mdogo wangu anataka mama akaishi kwake. Nimesema maoni yangu mara moja mbele ya wote, nimempa orodha ya dawa na namba ya kliniki. Jumamosi wataamua na mama mwenyewe, na mimi nitakuwepo kusikiliza.