Baada ya Upepo Mkali, Usikimbilie Kushika Panga

Siku moja baada ya dhoruba, pita Chanika, Msongola, Kisarawe II au Mabwepande, pembezoni mwa Dar es Salaam, utasikia mapanga kila upande. Watu wanakata, wanang'oa, wanachoma. Naelewa, shamba lililolala linauma macho, na mtu akikaa bure anaona kama anaongeza hasara. Lakini sehemu kubwa ya hasara ninayoiona hutokea siku hiyo, upepo ukiwa umeshatulia. Mahindi ambayo yangeinuka yenyewe yanafyekwa. Jirani yake kuna mgomba uliokwisha kufa, unafungwa kwenye mti na kumwagiwa mbolea kwa sababu tu majani yake bado mabichi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutenganisha: kipi kimekufa ingawa kinaonekana hai, na kipi kiko hai ingawa kinaonekana kimekufa. Hilo linataka macho na siku mbili tatu za subira.

Hata kabla ya hayo, angalia nyaya. Dar es Salaam mashamba na makazi vimechanganyika, na nyaya za umeme zinapita juu ya miembe na mabanda. Waya ulioangukia uzio wa seng'enge au bati unaweza kuufanya uzio mzima uwe na umeme, mbali kabisa na pale ulipoangukia, hasa ardhi ikiwa imelowa. Usiingie, zuia watoto na mifugo, piga simu TANESCO. Mti ulioegemea waya si wa kukatwa na wewe, hata kama una msumeno mzuri.

Kisha piga picha. Kimbunga cha baharini, kama Hidaya kilichofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, hutangazwa mapema na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) na kila mtu anajua kilipopita. Upepo wa kisulisuli unaoshuka kutoka kwenye wingu la radi ni habari nyingine. Njia yake ni nyembamba, unadumu dakika chache, unaezua nyumba tatu na kuliacha shamba la jirani na maua yake ya bamia. Ofisi ya kata inaweza isijue kabisa kwamba umepigwa. Picha za shamba zima, kisha za karibu, zenye tarehe, zipeleke serikali ya mtaa na kwa afisa ugani wa kata kabla hujasafisha. Kama una bima ya mazao, soma muda uliopewa wa kutoa taarifa, na usiondoe mabaki mpaka mkaguzi afike au akuruhusu kwa maandishi.

Migomba: tazama ulivyoanguka

Shina la mgomba tunaloliona ni makuti ya majani yaliyokumbatiana. Uhai wenyewe uko kwenye tunguu, chini ya udongo, na mkungu hupanda kupitia katikati ya hilo shina. Likivunjika, mkungu huo hauna njia tena. Kuusimamisha kwa nguzo ni kupoteza mti na kamba. Ukate, ili nguvu iende kwa watoto: acha mmoja mkubwa na mdogo wake mmoja, wengine toa.

Mgomba uliosimama majani yakiwa yamechanika vipande vipande, uache. Majani yaliyochanika yanaendelea kutengeneza chakula. Wanaoyapogoa yote "ili uonekane msafi" wanaunyima mkungu chakula.

Linalonishughulisha zaidi ni mgomba ulioanguka na tunguu lake, mizizi juu. Upepo peke yake ni nadra kung'oa mgomba wenye mizizi mizima. Mara nyingi huuvunja katikati. Ukiona umeng'oka mzima, lichukue hilo tunguu ulikate vipande viwili. Ukikuta njia nyeusi za funza zinazopitana ndani, au mizizi iliyooza na kuwa myekundu-myeusi, ujue mgonjwa alikuwa hoi zamani na upepo umemalizia tu. Shina kama hilo usichukue machipukizi yake kwenda kupanda kwingine. Kama huna mbegu nyingine, menya tunguu la chipukizi mpaka libaki jeupe, tupa lenye njia za wadudu, kisha litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 na kulitoa. Kazi ni rahisi, na sufuria kubwa ya msibani inatosha.

Mashina yaliyoangukia chini usiyaache mazima. Harufu yake huwaita fukusi wa migomba, nao hutaga humo. Yapasue kwa urefu, yakate vipande vidogo na kuyatandaza katikati ya mistari ili yakauke haraka; usiyarundike kwenye kitako cha mgomba hai. Panga litakaswe kwa jiki kabla ya kuhamia shina lingine, sehemu moja ya jiki kwa tano za maji. Magonjwa ya mnyauko husafiri kwa panga kuliko kwa upepo.

Mikungu iliyodondoka igawe. Yenye vidole vilivyojaa, pembe zimeanza kupotea, itaiva au itauzika kwa kupika. Yenye vidole vyembamba vyenye pembe kali ni chakula cha ng'ombe na nguruwe, basi. Usikimbilie soko la Mabibo siku ya kwanza na mzigo wote: kila mtu ameangukiwa siku moja na wewe, na dalali anajua. Bora upeleke iliyo tayari kabisa, na nyingine ukatie krispi au uikaushe kwa unga.

Mahindi na mihogo

Mahindi yaliyolala kabla ya kutoa mbelewele, yaache. Usiyainue kwa mkono wala usiyapandishie udongo siku hiyo. Unakata mizizi midogo iliyobaki. Ndani ya siku chache shina hujikunja kuanzia chini na kuelekea juu tena, likiwa na mgongo kama wa jogoo. Hayatakuwa mazuri kwa kutazama lakini yatazaa. Yaliyovunjika chini ya kifundo cha hindi hayarudi. Yape ng'ombe yakiwa mabichi. Yaliyolala yakiwa na mahindi mabichi tayari, vuna ya kuchemsha haraka, maana hindi linalogusa udongo uliolowa huota ukungu, na ukungu ndio mlango wa sumukuvu.

Mihogo inahitaji uamuzi zaidi. Fukua kidogo kwenye shina lililoinama. Mizizi ikiwa haijapasuka na mhogo bado mchanga, rudishia udongo, shindilia kwa mguu, endelea. Mizizi ikiwa imekatika au imepasuka, vuna hiyo kwanza. Haina siku nyingi kabla ya kuoza.

Kwa mihogo iliyokomaa kuna mbinu ambayo wakulima wengi wa pwani hawaitumii. Mhogo uking'olewa, ndani ya siku mbili au tatu huanza kuwa na michirizi ya bluu na nyeusi, na mnunuzi anakupangia bei. Lakini ukikata mashina, ukabakiza kisiki kifupi cha takriban sentimeta 30, na kuiacha mizizi ardhini wiki moja hadi mbili kabla ya kung'oa, itakaa muda mrefu zaidi bila kuharibika. Upepo umeshakukatia nusu ya kazi. Kwa njia hiyo unaweza kutoa gunia mbili leo na nyingine wiki ijayo, badala ya kumwaga shamba zima kwa bei ya kutupa. Hili linafaa kwenye mchanga kama wa Kigamboni unaonyonya maji. Kwenye mfinyanzi uliotuamisha maji usingoje, mhogo utaozea humo humo.

Mashina yaliyovunjika ni mbegu, lakini si yote. Chukua yaliyokomaa, kutoka kwenye mimea ambayo majani yake hayakuwa na ugonjwa wa batobato na mizizi yake haina madoa ya kahawia ndani. Yasimamishe kivulini, ncha za chini ziguse udongo. Ugonjwa wa michirizi kahawia umeenea mno ukanda huu; msimu wa kugawiana mbegu baada ya janga ndio msimu wake wa kusafiri, kwa hiyo hata mbegu ya bure kutoka kwa shemeji ikague.

Mbuzi wasiachiwe kwenye majani ya mihogo yaliyolundikana. Yana sumu ya kutosha kuua mnyama mwenye njaa kwa muda mfupi. Nanyi pia, mhogo mchungu uliong'olewa na upepo unabaki mchungu: menya, loweka, kausha, kama siku zote.

Miti

Mpapai uliovunjika shina lake lina tundu katikati, likijaa maji linaoza kwenda chini. Kama unataka uchipue, kata mshazari na kufunika tundu kwa nailoni. Binafsi napendelea kupanda mwingine. Na mpapai uliosimama kwenye maji siku mbili, hata ukiwa wima, usiutegemee sana.

Mwembe mchanga ulioinama unasimamishwa siku hiyo hiyo au kesho yake, udongo ukiwa bado laini. Kesho kutwa mizizi imeshakauka. Usiuvute kwa nguvu. Chimba kidogo upande ulioelekea, inua taratibu, weka vigingi viwili, na kamba iwe ya kitambaa au mpira wa ndani wa baiskeli, ilegee kiasi shina liweze kucheza. Mwembe mkubwa uliong'oka haurudi. Tawi lililochanika na kuning'inia likatwe kwanza kwa chini, ndipo juu, mbali kidogo na shina. Halafu kata kisiki kilichobaki karibu na uvimbe wa shina, pale tawi linapoungana nalo, bila kuukata uvimbe wenyewe. Rangi ya kupaka kwenye jeraha haihitajiki. Ila shina lililopoteza kivuli chake ghafla lipake chokaa, jua la pwani hulichoma gome.

Maembe yaliyodondoka yasiachwe chini. Mabichi mazima yanafaa achari. Yaliyopasuka yafukie nusu mita au zaidi, au yafunge kwenye mfuko mweusi na kuuweka juani, la sivyo utakuwa umefuga inzi wa matunda kwa ajili ya msimu ujao wa mtaa mzima.

Mnazi usihukumiwe haraka. Tazama kuti changa lililofunga juu kabisa, lile lililosimama kama mkuki. Likiwa imara na likaendelea kurefuka, mnazi uko hai hata makuti mengine yote yakianguka. Utamwaga vidaka kwa miezi kadhaa, usishangae. Hata uliolala chini mizizi ikiwa imeshika unaweza kupinda na kuendelea kuzaa. Kuti hilo changa likinyauka na kutoka kwa kuvutwa, mnazi umekwisha. Hapo usiuache usimame ukioza, wala gogo lilale mwaka mzima: yule dudu mwenye pembe anayetoboa minazi huzaliana ndani ya magogo yaliyooza. Pasua mbao, au kuni, au choma. Moyo wake unaliwa.

Mboga, kuku na pesa ya haraka

Mboga za bondeni zilizofunikwa na maji ya mafuriko, kama ni bonde la Msimbazi au lolote linalopokea maji ya vyoo na viwanda, usiziuze wala usizile. Ng'oa, acha ardhi ikauke, anza upya. Mchicha utakupa fedha ndani ya wiki tatu au nne na matembele baada ya hapo kidogo. Ndiyo mazao ya kukuvusha wakati migomba inajipanga. Nyanya zilizochubuka zinaweza kupigwa dawa ya shaba, mradi usubiri siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kuchuma.

Na hapa nitasema neno kuhusu wauzaji wa "busta", yaani mbolea za kuharakisha ukuaji, wanaozunguka baada ya kila dhoruba. Mmea uliokatika mizizi hauwezi kunywa mbolea. Urea juu ya mizizi yenye jeraha huiunguza. Subiri uone jani jipya, ndipo uweke kidogo. Fedha hiyo nunua bati na misumari.

Kwa kuku, ukavu kwanza. Maranda yaliyolowa yatolewe yote siku hiyo, si kufunikwa na mengine. Kuhara damu kunaanzia hapo. Vifaranga wapewe joto kabla ya chakula. Chakula kilicholowa kikaota ukungu kisianikwe na kurudishwa kwenye vyombo. Chanjo ya kideri iliyokuwa imepangwa wiki hiyo isogeze siku chache, kuku watulie. Kisha okota misumari na vipande vya waya zizini na malishoni, kwa mkono au kwa sumaku ya spika mbovu, maana ng'ombe hachagui, na msumari alioumeza unaweza kumtoboa tumbo hadi moyoni.

Kabla ya kupanda upya

Ukuta wa matofali haukingi shamba. Upepo huruka juu yake na kuangukia nyuma kwa fujo zaidi. Kinachofaa ni mstari wa miti unaopitisha karibu nusu ya upepo, na kinga yake hufika umbali wa takriban mara kumi ya urefu wa miti: mivinje ya mita 8 inakinga vizuri mita 80 hivi. Ufukweni Kigamboni na Kunduchi mivinje inastahimili chumvi; bara kidogo, gliricidia inakua haraka na inakupa lishe ya mbuzi. Panda mstari ukikabili kusi na kaskazi, lakini usiutegemee dhidi ya kisulisuli, kwani chenyewe hakina upande.

Usirudishe pia zao moja kila mahali. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja; Pemba iliponea, na ndiyo ikawa mzalishaji mkuu wa karafuu. Kwa mkulima wa ekari moja, maana yake ni migomba upande mmoja, mihogo upande mwingine, mchicha karibu na kisima. Machipukizi ya migomba yapandwe chini zaidi ya ulivyozoea, sentimeta 50 hadi 60 za shimo, na kila mgomba unaobeba mkungu upewe mwega wake mkungu ukishachungulia, si siku TMA ikitangaza upepo.