Baiskeli ya gia ya zamani: uifufue au ununue mtumba?

Kabla hujampelekea fundi ile baiskeli ya gia iliyokaa stoo, anza na fremu. Igeuze magurudumu juu, ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha kagua maungio, hasa yale ya karibu na usukani na ya pale pedeli zinapofungwa. Ukiona rangi imepasuka kwa mstari mwembamba wenye kutu, usitoe hata shilingi; hiyo ni ya kuvunjwa vipuri. Jaribu pia kuchomoa bomba la siti. Likiwa la alumini na limegandia ndani ya fremu ya chuma, kulitoa kunaweza kumla fundi siku nzima, na atakulipisha.

Fremu ikiwa nzima, pima cheni kwa rula. Kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa thumni (1/8) ya inchi, cheni imekwisha na huenda imeshatafuna meno ya gia za nyuma, kwa hiyo utanunua vyote viwili. Ongeza tairi, waya na breki kwa bei za dukani kwenu. Mimi jumla ikipita nusu ya bei ya mtumba unaotembea vizuri, nachukua mtumba.

Ila baiskeli ya miaka ya 1990, magurudumu ya inchi 26, foku isiyo na shoku, hiyo naitetea: goroli zake hubadilishwa na fundi yeyote wa kijiweni. Mtumba wenye shoku zinazovuja mafuta siuchukui hata ukishushwa bei.