Kupiga kinanda kwa sikio: anza na besi, afu kapige na wenzako

Wengi wakitaka kujifunza kupiga kwa sikio wanakimbilia mkono wa kulia kusaka melodi, mi nasema anza chini kwenye besi, maana besi ndo inakuonyesha wimbo unaelekea wapi.

Hatua ya 1: Chagua wimbo mmoja rahisi, vaa hedifoni, kinanda usikiguse kwanza. Sikiliza besi tu mpaka uweze kuiimba mwenyewe, ukishindwa kuiimba ujue bado hujaisikia. Kama inakimbia punguza spidi hadi asilimia 75, programu nyingi zinapunguza bila kushusha ki, yani kimo cha sauti cha wimbo.

Hatua ya 2: Tafuta "do", ile noti ambayo wimbo ukiishia hapo unatulia. Afu andika besi kwa namba, do ni 1, fa ni 4, so ni 5. Hizo namba zishike sana, kwasababu muimbaji akisema ki iko juu tushuke, namba zinabaki zilezile na huna haja ya kutegemea kitufe cha transpozi, kile kinachohamisha ki ya kinanda.

Hatua ya 3: Weka kodi, yani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, juu ya besi ila mkono usirukeruke. Uko C-E-G, yani kodi ya C, unataka kodi ya F? Acha C ilipo, E na G zipande kuwa F na A. Unataka G? G ibaki, C ishuke B, E ishuke D, basi.

Hatua ya 4, na hapa usiharakishe: kaa na mpiga besi, nyie wawili tu. Shika C-E-G kwa mkono wa kulia, kushoto nyamaza kabisa, afu mwambie apige C, halafu ahamie A. Vidole vyako havijasogea lakini kodi imeshageuka A maina seven, yani A-C-E-G! Akienda E utasikia ile kodi ya C haijatulia tena, inataka kuhama. Ukishalisikia hili vizuri hutorudi kumgongea besi yake kwa mkono wa kushoto, yani mnatibuana tu huko chini.

Hatua ya 5: Bendi ikikamilika fuata kiki ya dramu (ile ngoma kubwa ya mguu), muimbaji akiimba shikilia kodi ndefu, akivuta pumzi ndo uweke kijibu chako kifupi. Rekodi mazoezi kwa simu, iweke mbali na spika yako, kesho yake sikiliza. Ukikuta kinanda kinasikika kuliko muimbaji, mazoezi yanayofuata usiongeze kitu, punguza noti, hata mbili kwa kila kodi zinatosha.