Kuongoza somo la Tamari (2 Samweli 13:1–22) katika jumuiya na vikundi vya kanisa

Anayehudhuria misa kila siku husomewa Samweli wa Pili hadi sura ya 12, kisha anarushwa mpaka sura ya 15. Kalenda ya masomo ya Jumapili inayofuatwa na makanisa mengi ya Kiprotestanti duniani nayo hutoka sura ya 12 na kutua sura ya 18. Kwa hiyo mtu anaweza kuzeeka kanisani bila kumsikia Tamari binti Daudi, aliyebakwa na kaka yake wa baba mmoja, akatolewa nje na mtumishi, kisha akaambiwa anyamaze na kaka yake wa tumbo moja. Kimya hicho hakiko kwenye kalenda peke yake. Kiko kwenye vikao vya ukoo vinavyomaliza ubakaji kwa mbuzi na faini, na kiko kwa viongozi wa dini wanaomwambia binti asamehe kabla hawajamsikiliza.

Njia inayoelezwa hapa ilianzia Pietermaritzburg, Afrika Kusini, kwenye kituo ambacho leo kinaitwa Ujamaa (neno letu hilohilo). Mwaka 1996 andiko hili lilisomwa huko katika warsha ya wanawake. Mwaka 2005 FECCLAHA, ushirika wa mabaraza na makanisa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika wenye makao Nairobi, ukalifanya kuwa Kampeni ya Tamari. Chini yake kuna ile hatua ya tazama, amua, tenda, ambayo padre Joseph Cardijn aliwafundisha vijana wafanyakazi wa Ubelgiji na ambayo jumuiya ndogo ndogo za Afrika Mashariki zinaijua vizuri. Mwezeshaji hahubiri. Anauliza, anaandika, anarudisha watu kwenye mstari.

Kabla ya kutangaza siku

Kosa kubwa kuliko yote ni kupanga somo bila kupanga kesho yake. Andiko hili hufungua vinywa. Karibu kila kikundi kina mtu aliyewahi kuyapitia, na akianza kusema hutakuwa na muda wa kutafuta namba za simu. Basi fanya haya kwanza, hata kama yatachukua wiki tatu.

Nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uulize ni chumba gani kinapokea waliobakwa, nani yuko zamu wikiendi, na kama wana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Dawa hizo lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina nafasi hadi saa 120. Kisha fika polisi: Tanzania ni Dawati la Jinsia na Watoto na fomu ya PF3, Kenya ni dawati la jinsia na fomu ya P3. Andika namba ya simu ya watoto, 116, ambayo ni hiyohiyo Tanzania na Kenya, na kwa Kenya ongeza 1195 ya ukatili wa kijinsia. Zipige mwenyewe kabla ya siku ya somo uone kama zinapokelewa.

Tafuta mshauri nasaha mmoja atakayekaa chumba cha pembeni muda wote. Asiwe mke wa mchungaji wala katibu wa jumuiya. Mtu hatafunguka kwa anayekutana naye kila Jumapili kwenye kwaya.

Mweleze paroko au mchungaji andiko ni lipi na maswali ni yapi. Akikataa, usilifanye kwa kificho ndani ya jengo lake. Litafute jengo lingine. Akikubali, muulize swali moja zaidi: mtu akimtaja mzee wa kanisa, au mtumishi mwenyewe, atafanya nini? Pata jibu kabla, maana mkosaji anaweza kuwa ameketi humo humo chumbani.

Chagua Jumamosi saa tatu asubuhi. Jumapili jioni haifai: kliniki zimefungwa, na aliyefunguka anarudi nyumbani kulala na siri iliyokwisha kufumuka.

Watu na vifaa

Watu 12 hadi 24, na wawezeshaji wawili, mwanamke na mwanamume. Wakizidi 24, gawanya siku mbili. Wenye chini ya miaka 18 wawe na somo lao, lenye maswali mengine na idhini ya wazazi. Unahitaji bangokitita au karatasi kubwa nane, makapeni ya rangi mbili, na andiko lililochapwa, nakala moja kwa kila mshiriki, mistari ikiwa na namba. Usitegemee kila mtu alete Biblia yake: mmoja atakuja na Union Version, mwingine Habari Njema, na nusu saa itaisha mkilinganisha maneno.

Ukitumia Union Version, eleza mapema maneno mawili. "Umbu" ni dada. Vijana wengi hawalijui. "Kutenza nguvu" ni kulazimisha, na hapa maana yake ni kubaka. Litamke neno "kubaka" wewe mwenyewe, wazi, dakika tano za kwanza. Mwezeshaji akizungukazunguka na "lile tendo" au "yale mambo", kikundi kizima kitaelewa kwamba hata hapa ni kufunika kombe mwanaharamu apite.

Sema pia kwamba huyu si Tamari wa Mwanzo 38, mkwewe Yuda, anayetajwa kwenye ukoo wa Yesu katika Mathayo 1:3. Usiposema, mtu atauliza katikati ya somo kwani si huyu aliyejifanya kahaba, na itakuchukua muda kumsafisha binti ambaye hana kosa.

Kusoma

Anza na masharti ya chumba: linalosemwa humu halitoki (isipokuwa likimhusu mtoto aliyeumizwa), hakuna anayelazimishwa kusema, anayetaka kutoka atoke bila kuaga. Kisha soma mistari 1 hadi 22 kwa sauti, polepole; huchukua kama dakika nne. Tumia wasomaji watano: msimulizi, Amnoni, Yonadabu, Tamari, Absalomu. Asiyetaka nafasi ya Tamari asipewe kwa nguvu. Mkimaliza, kaeni kimya dakika moja nzima. Wawezeshaji wapya huogopa kimya hicho na kukijaza kwa wimbo. Kiache.

Simameni kwenye mstari wa 22. Mstari wa 23 unaanza miaka miwili baadaye, na Absalomu anawaamuru watumishi wake wamuue Amnoni kwenye sherehe ya kukata kondoo manyoya. Mkifika huko, vijana wa kiume watamshangilia Absalomu, na mazungumzo yote yatahama kutoka kwa aliyeumizwa kwenda kwa wanaume wawili wanaogombania heshima.

Maswali

Yako sita. Matatu ya kwanza ni ya andiko, matatu ya mwisho ni ya jamii. Mpangilio huu una sababu: ukianza na "je, yapo kwetu?" watu watakujibu kwa hotuba; lakini wakishachimba andiko, Tamari atakuwa amewafungulia njia.

La kwanza, kwa wote pamoja, dakika 15: andiko hili linahusu nini? Andika kila jibu kama lilivyosemwa, hata "tamaa", hata "mapenzi". Usisahihishe. Msimulizi mwenyewe anatumia neno kupenda kwenye mstari wa 1 na wa 4, kisha mstari wa 15 anasema chuki ilizidi yale mapenzi. Kikundi kitayaona hayo chenyewe baadaye, na mtu atasimama kufuta neno lake ubaoni. Mwache alifute kwa mkono wake.

La pili, vikundi vya watu watano au sita, dakika 20: wanaume ni wangapi katika habari hii, na kila mmoja alifanya nini? Wengi huanza na Amnoni na kuishia hapo. Warudishe. Yonadabu, binamu, alitoa mbinu ya kujifanya mgonjwa. Daudi, baba, ndiye aliyemtuma binti aende nyumbani kwa Amnoni. Waliokuwamo nyumbani walitoka walipoambiwa watoke. Mtumishi alifunga mlango. Absalomu alisema nyamaza. Daudi akakasirika sana, basi. Tafsiri ya kale ya Kigiriki na hati moja ya kale iliyopatikana karibu na Bahari ya Chumvi zinaongeza kwamba hakumgusa Amnoni kwa kuwa alimpenda, ndiye mzaliwa wake wa kwanza. Swali hili ndilo moyo wa somo: linaonyesha kwamba mbakaji alikuwa mmoja, lakini njia ya kumfikia Tamari ilifunguliwa na wengi.

La tatu, wanawake peke yao na wanaume peke yao, dakika 30: Tamari anasema nini, anafanya nini? Hapa msiende haraka. Mistari ya 12 na 13 inabeba hoja zake moja baada ya nyingine, akiwa ameshikwa: usinitenze nguvu, haifanyiki hivi katika Israeli, huu ni upumbavu, mimi nitaipeleka wapi aibu yangu, nawe utakuwa kama mmoja wa wapumbavu, sema na mfalme. Ametaja mila, ametaja nafsi yake, ametaja hata heshima ya anayemshika, na mwisho amempa mlango wa kutokea. Waambie wapigie mstari kila hoja kwa rangi. Anayesema mabinti hawakatai kwa nguvu ya kutosha apewe karatasi hiyo aisome tena kwa sauti.

Mstari wa 14 una jambo ambalo tafsiri zetu zinalilainisha. Kwenye mstari wa 11 Amnoni anasema "lala nami". Kiebrania cha mstari wa 14 kinaiacha ile "na". Tamari hatajwi tena kama mwenzi bali kama kitu kilichotendwa. Kiswahili kikisema tu "akalala naye", ukali huo unapotea.

Kisha mstari wa 19: majivu kichwani, kanzu imeraruliwa, anaenda akilia kwa sauti. Hakujificha. Aliiweka habari barabarani. Baada ya Absalomu kumwambia anyamaze, andiko halimpi neno lingine hata moja.

La nne, bado mmetengana, dakika 15: Absalomu anaposema nyamaza kwa kuwa ni ndugu yako, kwetu maneno hayo yanasemwaje? Andikeni misemo halisi ya eneo lenu, neno kwa neno. "Mambo ya ndani hayatoki nje." "Utamfunga baba yako?" "Nani atakuoa?" Karatasi hii mtaihitaji mwishoni.

La tano, mkirudi pamoja, dakika 20: je, kina Tamari wapo katika kanisa na mtaa wetu, na wanakaa wapi? Sema waziwazi kwamba hatutaji majina. La sita, dakika 30: tutafanya nini?

Penye matatizo

"Alikuwa amevaa nini?" litaulizwa. Jibu liko mstari wa 18: kanzu ya mabinti wa mfalme, wanawali. Kiebrania kinaitaja kwa jina lilelile la kanzu ya Yusufu. Alikuwa amevaa kwa heshima, ametumwa na baba yake, yuko kwa kaka yake, anamkandia unga mgonjwa.

Mstari wa 16 ni mgumu zaidi. Tamari anasema kumfukuza ni ubaya kuliko ule wa kwanza, na mtu atahitimisha kwamba alitaka kuolewa na Amnoni, kwa hiyo kumwozesha binti kwa aliyembaka ni suluhisho la Biblia. Usiliache lipite. Katika ulimwengu wake, aliyenyang'anywa ubikira hakuwa na mlango wa ndoa nyingine. Kumbukumbu la Torati 22:28–29 inamfunga mwanaume amwoe asimwache. Maneno yake yanaonyesha jinsi njia zilivyokuwa zimefungwa. Hayatuamuru tuzifunge leo. Ubakaji ni kesi ya Jamhuri, si deni kati ya familia mbili linalolipika kwa mahari.

Msamaha nao huingia mapema mno. Hakuna anayeomba msamaha katika mistari hii 22, kwa hiyo hapa hakuna wa kusamehewa bado. Liseme hivyo, kwa upole, mrudi kwenye mstari.

Mtu akianza kusimulia yake mbele ya wote, usimkatize, wala usimwulize maswali. Mshukuru, sema "nakuamini", na mwezeshaji wa jinsia yake amwombe watoke pamoja kwenda kwa mshauri. Mwenzako aendelee na kikundi. Ikiwa tukio ni la siku hizi tatu, hospitali kwanza, leo leo. Asioge, asifue, nguo ziingie mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu na ushahidi unaoza. Ikiwa aliyebakwa bado ni mtoto, hakuna siri ya kutunza: unapiga 116.

Mpango na kikao cha pili

Swali la sita hujibiwa kwa wingi wa "tuelimishe jamii". Kataa jibu lolote lisilo na mtu, siku na mahali. "Mama wa jumuiya na katibu waende dawatini Jumanne, waombe askari aje kikao cha mwezi ujao" linaweza kufanyika. "Kila msemo wa karatasi ya nne upewe jibu la sentensi moja, yasomwe kwenye matangazo Jumapili mbili" nalo linaweza. Mambo matatu yanatosha.

Mkutane tena baada ya wiki mbili, saa moja tu. Bandika karatasi zilezile ukutani. Yaliyofanyika yatiwe alama; yasiyofanyika yaandikwe upya na jina jingine pembeni. Kabla ya kikao hicho, mshauri awe amempigia simu kila aliyeingia kwenye chumba chake.