SOMO: Jinsi ya kusoma kadi namba 2 ya tarot (Kuhani wa Kike) kwa stori ya Persephone

Wakuu salaam. Kila wiki lazima kuna mtu ananifuata inbox na swali lile lile, "umejuaje namba 2 ni Persephone", mwingine hata salamu hana, anatupia picha ya kadi anaandika "maana?" basi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa mara moja na atakayeuliza tena namtumia linki.

Kabla ya hatua zenyewe elewa hili. Persephone ni binti wa stori za Wagiriki wa kale aliyenyakuliwa kwenda kuzimu, na tarot ni kadi za picha ambazo watu huzisomea maana. Tarot haikutoka Ugiriki. Ilianza Italia ya kaskazini karne ya 15, karata za kuchezea kabisa, na kadi yetu hii kule ilikuwa Papa wa kike. Mambo ya kutabiria yalianza kushika kasi Ufaransa kwenye miaka ya 1780 huko. Picha ambayo wengi wenu mnayo ilitoka 1909 London, alichora Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Waite, mwandishi aliyebuni kadi hizo. Kwa hiyo tukisema Persephone tunachukua stori ya kale na kuisomea picha, hatusemi mchoraji alimkusudia yeye. Ukienda kumwambia mtu "Wagiriki ndo walitengeneza hii kadi" umemdanganya, na siku akikutana na anayejua utaumbuka wewe sio mimi.

Hatua ya 1. Toa kadi, weka mezani, kaa penye mwanga.

Hatua ya 2. Taja kwa mdomo unachokiona, usikimbilie maana. Mwanamke amekaa katikati ya nguzo mbili, nyeusi ina herufi B, nyeupe ina J. Ameshika gombo limeandikwa TORA, sehemu yake imefichwa na joho. Mwezi mwandamo uko miguuni. Nyuma kuna pazia lenye mitende na makomamanga, na ukichungulia pembeni mwa pazia kuna maji. Ukiona umeanza kusema "hekima" au "siri ya moyo" rudi mwanzo, hivyo havijachorwa.

Hatua ya 3. Chagua kitu kimoja cha kushikia stori. Kwetu hapa ni makomamanga.

Hatua ya 4. Ijue stori yote, sio vipande vya TikTok. Mimi nafuata ule utenzi wa kale wa kumsifu Demeter, ule wanaouweka kwenye fungu la tenzi za Homer ingawa mtunzi wake hajulikani. Kwa kifupi: Persephone yuko na wenzake wanachuma maua, anavuta ua moja zuri la narcissus, ardhi inapasuka, Hades, mungu wa kuzimu, anatoka na gari la farasi anamnyakua. Zeus, mkuu wa miungu na baba yake mtoto, alishatoa ruhusa, ila mama hakuambiwa. Demeter, mama mwenyewe na mungu wa nafaka, anazunguka siku 9 na mienge mikononi, hali, hanywi, haogi. Hekate, mungu mke mwingine, alisikia ukelele tu akiwa pangoni, aliyeona kwa macho ni Helios, yani jua. Mama akishaujua ukweli anasusa, anajifanya kikongwe, anaenda kukaa Eleusis karibu na Athens, na baadaye anazuia mbegu zisiote, watu wanaanza kufa njaa na miungu inakosa sadaka, hapo ndo Zeus anashtuka kumtuma Hermes, mjumbe wa miungu, akamrudishe binti. Hades hakatai, ila anampa punje ya komamanga kwa kificho. Ameshakula cha kuzimu, basi, theluthi moja ya mwaka atakaa chini na theluthi mbili juu kwa mama.

Sasa rudi kwenye kadi. Huyu aliyekaa mbele ya pazia sio yule binti wa maua, huyu ameshakula. Anakujua chini na anakujua juu kwa kuishi huko, na ndo maana namkubali pale katikati ya nguzo nyeusi na nyeupe bila kuegemea upande. Na lile gombo lililofichwa: pale Eleusis kulikuwa na ibada ya siri ya huyu mama na mwanawe, ilidumu zaidi ya miaka elfu, na walioingizwa walikatazwa kusimulia walichoonyeshwa. Sio katazo la mdomoni tu. Mwaka 415 KK Alkibiades, mwanasiasa mkubwa wa Athens, alishtakiwa kwamba aliigiza siri hizo nyumbani kwa mzaha, akahukumiwa kifo akiwa ameshatoroka. Watu walinyamaza kweli kweli kiasi kwamba wasomi mpaka leo wanabishana ndani ya lile jumba la ibada kulikuwa na nini. Kwa hiyo kadi hii naisoma hivi: kuna jambo linajulikana na mtu mmoja kwa sababu amelipitia, na kwa sasa halisemeki. Sijasema "usaliti". Nimesema halisemeki.

Hatua ya 5. Nani ni nani. Hapa someni polepole maana ndo wengi mnaharibu, na mimi niliwahi kuichemsha vibaya, nikamwambia mama wa watu "wewe una siri kubwa unaificha" kumbe mwenzangu binti yake kaenda kufanya kazi Omani na simu hapigi. Yule hakuwa Persephone, alikuwa Demeter kabisa mwenye mienge mkononi, na mimi namtuhumu. Kosa ni kudhani aliyekaa kwenye kadi lazima awe ndo aliyekaa mbele yako. Stori ina watu wengi, kuna aliyechukuliwa, anayetafuta, aliyesikia nusu, aliyeona akanyamaza mpaka akaulizwa, baba aliyeruhusu bila kushirikisha, na huyo aliyechukua. Muulize mtu wako maswali ya kawaida kwanza. Nani anajua kitu hapa? Nani anatafuta? Nani angeulizwa angejibu ila hakuna aliyemwendea? Mara nyingi jibu linaanzia kwa Helios, yani yupo shahidi na hajaulizwa. Alafu maonyo, naomba myashike:

Usiitangazie ndoa kadi hii eti kwa sababu Persephone aliolewa. Usitangaze kifo eti kwa sababu ya kuzimu. Na kubwa kuliko yote, hii ni stori ya kunyakuliwa, kwenye utenzi binti anapiga kelele na kumwita baba yake. Siku hizi inapambwa mtandaoni kama mapenzi matamu ya kijana mkimya wa kuzimu. Wewe soma unavyotaka kwako, ila kama mbele yako kuna mtu aliyetoka kwenye ndoa ya kipigo usithubutu kumwambia "lakini mwishowe alikuwa malkia".

Hatua ya 6. Funga kwa swali moja, usifunge kwa hukumu. "Kuna unachokijua ambacho muda wake wa kusema bado?" inatosha.

Hatua ya 7. Andika kwenye daftari na tarehe.

Maswali karibuni. Someni kwanza.

---

kijana_wa_mjini: Mkuu kwenye mapenzi inamaanisha nini?

Mwandishi: Hatua ya 5.

kijana_wa_mjini: Nimesoma, ila je atarudi?

Mwandishi: Kadi haijui. Mpigie simu.

Binti Komamanga: Somo zuri sana, na jina langu linanipa haki ya kuuliza 😂 Mi nilijua alikula punje 6 ndo maana anakaa miezi 6 chini, wewe unasema punje moja na theluthi. Ipi sahihi?

Mwandishi: Swali zuri dada. Inategemea unamsikiliza nani. Utenzi wa Demeter una punje moja na theluthi ya mwaka. Ovid, Mrumi, karne nyingi baadaye, kwenye Metamorphoses ameweka 7 na mwaka ukagawanywa nusu kwa nusu, na huyo huyo Ovid kwenye Fasti akaweka 3. Yani mtu mmoja, hesabu mbili. Hizo 6 utazikuta sana kwenye masimulizi ya siku hizi, hesabu inakaa vizuri na miezi sita. Ninachokuomba ni kimoja, usihesabu punje kumwambia mtu "baada ya miezi mitatu". Mimi napenda ile moja ya kwenye utenzi kwa sababu inauma zaidi, kitu kidogo hivyo, tena bila kujua.

Mzee wa Busara: Hii ni ramli tu, mnawapotosha vijana.

Mwandishi: Onyesha mstari niliosema kadi inatabiri. Hatua ya 6 inasema uliza swali. Kama imani yako inakataa usiiguse, sijamlazimisha mtu. Ila kumjua Demeter hakujawa ramli bado.

Mwana wa Shule ya Jumapili: Mimi sipingi, nauliza tu. B na J si Boazi na Yakini, zile nguzo za hekalu la Sulemani? 1 Wafalme 7. Na pale pale kuna makomamanga mia mbili juu ya nguzo. Sasa hayo makomamanga ni ya Persephone au ya Sulemani?

Mwandishi: Aisee umenifurahisha, hili ndo swali nilikuwa nalisubiri. Ya Sulemani. Waite mwenyewe kitabuni kwake 1910 ameandika kwamba nguzo ni za Hekalu na pazia ni la Hekalu, lenye mitende na makomamanga, na huyo mwanamke anamhusisha na Shekina ya Wayahudi, yani uwepo wa Mungu kati ya watu. Kwa hiyo ukitaka nia ya mwenye kadi hizi umeshaipata kwenye Biblia yako. Kwa nini basi tunamleta Persephone? Kwa sababu tunda lile lile Wagiriki walilipa kazi nyingine, na picha inabeba zote mbili bila kupasuka. Mimi ningekushauri ufanye zoezi, isome mara moja kwa hekalu (pazia linaficha patakatifu) na mara moja kwa kuzimu (pazia linaficha kulikotokwa), uone inabadilika wapi. Ukimaliza njoo uandike hapa, natamani kusoma.

Mwana wa Shule ya Jumapili: Kwa hekalu mwenye kuingia nyuma ya pazia ni kuhani mkuu peke yake. Kwa Persephone kila mtu ataingia tu siku yake ikifika. Hapo ndo nimeona tofauti.

Mwandishi: Hapo umenizidi. Naiandika kwenye daftari.

Tanga Raha: Ikitoka kichwa chini je?

Mwandishi: Wengine hawasomi kabisa kichwa chini na hawajakosea. Mimi ikitokea namwangalia Hekate, alisikia ukelele ila hakuona. Kwa hiyo naisoma kama habari ya nusu, mtu amesikia kitu na anataka kuamua. Na kumbuka alichofanya Hekate, alikwenda na Demeter mpaka kwa Helios kuuliza aliyeona.

mama_wawili: Mimi ilitoka pamoja na namba 3, yule mwanamke kwenye kiti mwenye taji la nyota. Kuna uhusiano?

Mwandishi: Upo mkubwa! Itazame gauni yake kwa karibu, ina makomamanga. Na miguuni pake kuna ngano. Mwenye ngano ni nani kwenye stori? Mama mtu. Kwa hiyo 2 na 3 zikikaa pamoja nazisoma mama na binti, na naangalia kati yao kuna kadi gani, ndo iliyowatenganisha. Ukitaka kwenda mbali zaidi, kadi namba 5, yule kiongozi wa dini aliyeandikwa Hierophant, hicho ni cheo cha kuhani mkuu wa Eleusis kule kule. Zikitoka zote tatu kaa chini utulie, una kazi ya usiku mzima.

kijana_wa_mjini: Nimempigia hapokei.

Mwandishi: Pole. Sasa hiyo ndo hatua ya 5, wewe ni Demeter. Ila usizuie mbegu.

Tanga Raha: 😂😂 Nje ya mada, kadi zangu zinagandana, joto la huku na unyevu balaa. Mnafanyaje?

Mwandishi: Kopo la biskuti lenye mfuniko, weka vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, au mchele mkavu kwenye kitambaa kilichofungwa. Usipake poda, inaingia kwenye picha.

Binti Komamanga: Na mimi nje ya mada maana nimetamani tunda lenyewe, nikilimenya nachafua nguo zote. Hades alimpaje bila doa?

mama_wawili: Kata kichwa chake, chana kwa kisu ganda tu kufuata kuta zake, alafu lipasulie ndani ya bakuli la maji. Punje zinazama, ngozi nyeupe inaelea unaiondoa. Nguo nyeupe vua kwanza lakini.